Ndege Isiyochukua Wazima

Jumamosi moja baada ya adhuhuri, zahanati ya Kidzumbani ikiwa haina mgonjwa, Sista Nereah aliitoa barazani meza ya kuwavalishia watoto wachanga, akaitandika gazeti, akailaza ndege yake juu. Bawa la kushoto lilikuwa limechanika. Alibandua karatasi ya plastiki nyekundu iliyolivika, akakuta ubavu mmoja wa mbao umekatika katikati. Akaupaka gundi, akaubana kwa vibanio vya nguo, na gundi ikikauka akachukua mswaki wa zamani akaanza kusugua mota. Chumvi ya pwani haina adabu. Ukiipa nafasi, nyaya zote zinaota ukungu wa kijani, na ndege iliyoruka vizuri juzi leo inatikisa mkia upande mmoja tu kama mbwa aliyepigwa.

Ilikuwa ndege ya kuchezea, ya kuendeshwa kwa rimoti, mabawa yake upana wa mikono ya mtu mzima akiinyoosha. Nduguye Seth, fundi wa simu kule Ukunda, aliipata kwenye sanduku la vikorokoro lililoteremshwa na lori Mackinnon Road, haina pua na mkia umening'inia kwa uzi. Alimpelekea dadake kwa mzaha tu. Nereah alikuwa ametoka Diani, kwenye kliniki ya hoteli, akaajiriwa huku mwisho wa njia karibu na Vanga, mahali asipomjua mtu. Jioni za kwanza alizimaliza akiunga mkia ule. Kufikia masika alikuwa ameisimamisha ndege nzima, na kufikia kaskazi hakuwa na raha nyingine duniani. Mgonjwa unamtibu akaenda zake, wala hujui kama alipona. Ndege, ukikosea, inakwambia papo hapo.

Watu wa Kidzumbani walimtazama akikimbiza ndege juu ya uwanja wa mpira, wakasema kila mtu na wazimu wake. Bi Mwanarusi, aliyefagia zahanati na ambaye kabla ya zahanati kujengwa alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, aliipa jina la ndege wa jamii ya tai: Kipungu.

"Kipungu amepona?" aliuliza siku hiyo, akiweka pasi ya makaa mezani.

"Shikamoo, Bi Mwanarusi. Bado ngozi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, pasi hiyo, moto wake wa hariri."

Nereah akatandaza karatasi mpya juu ya bawa, akaipitishia pasi polepole mpaka ikajikaza kama ngozi ya ngoma. Hapo ndipo walipolisikia gurudumu la mkokoteni likilia njiani.

Mkokotenini alikuwa Jumwa, mke wa mvuvi, ameletwa na mawifi zake. Nereah alimpima tumbo kwa mikono yote miwili, akajua. Mtoto alikuwa amelala mshazari. Hapo kilichotakiwa ni kisu cha daktari, na daktari alikuwa kwenye hospitali kubwa, mbali kule upande wa Msambweni.

Gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilisimama nyuma ya zahanati juu ya matofali, limeoshwa, madirisha yake mazima. Magurudumu yake yalikuwa yameazimwa na Mamlaka ya Njia na Uokozi, kwa muda, yakafungwa kwenye gari la Mkurugenzi. Barabara nayo ilikuwepo. Kalavati lake lilizolewa na maji zamani pale bondeni, likaacha shimo la kumeza lori, na juu ya shimo hilo Mamlaka ilisimamisha bango la buluu lililoandikwa kwamba barabara imekamilika. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, mashua zote zimekaa topeni.

Nereah aliipigia simu Mamlaka. Aliyepokea alikuwa Gillian, afisa uhusiano.

"Lakini Sista, kwa rekodi zetu ambulensi iko hapo kwenu."

"Iko. Haina magurudumu."

"Ila iko?"

"Iko."

"Basi hiyo si emergency, hiyo ni issue ya transport. Tuandikie, tutaifuatilia."

Nereah alipoirudisha simu mfukoni, Jumwa alikuwa ameshateremka mkokotenini. Alitembea akishika ukuta, akafika pale Nereah alipokuwa amemweka Kipungu chini kwenye nyasi mkokoteni ulipofika, akaketi juu ya bawa, kwenye maungio yake na mwili wa ndege, miguu yote upande mmoja kama anayepakiwa baiskeli. Jumwa hakupungua wala ndege haikukua. Bawa lilinesa kidogo tu, kama kitanda cha kamba.

"Sista," akasema, "twende."

Nereah alichuchumaa, akapitisha kidole kimoja chini ya kila bawa, akaiinua ndege pamoja na Jumwa, kwani ndivyo alivyopima mizani kila siku kabla ya kuirusha. Ikainamia nyuma.

"Jongea mbele kidogo, mama."

Jumwa akajongea. Nereah naye akaisukuma betri puani, akapima tena. Ikakaa sawa.

"Mfungeni leso vizuri," Bi Mwanarusi akawaambia mawifi. "Huko juu kuna upepo."

Nereah akashika rimoti. Kipungu akakimbia kwenye nyasi mpaka uwanjani, akanyanyuka mapema kuliko siku nyingine zote, akapita juu ya goli, juu ya mikoko, akageukia kaskazini. Nguvu za rimoti zilikomea kwenye mikoko. Taa yake ikabadilika ikawa nyekundu, maana yake ndege haisikii tena. Nereah hakuondoa kidole gumba, kwa kuwa hakujua akipeleke wapi. Alisimama vivyo hivyo uwanjani mpaka simu ikalia.

"Zahanati ya Kidzumbani?" muuguzi wa hospitali kubwa aliuliza. "Mgonjwa wako ameteremka hapa kwetu, kwenye kamba za kuanikia mashuka. Mbona hukumpa barua ya rufaa?"

"Nilisahau."

"Tafadhali usirudie. Ameingizwa chumba cha upasuaji."

Kabla ya alasiri kwisha Kipungu alirudi peke yake, akatua, akasimama. Leso ilikuwa juu ya bawa, imekunjwa. Jumwa alipata mtoto wa kiume, akarudi nyumbani kwa mashua wiki iliyofuata, na alipoulizwa safari ilikuwaje, alisema huko juu kuna baridi, atakayekwenda ajifunike.

Baada ya hapo akapelekwa mtu aliyeumwa na swila, akapelekwa mtoto aliyeshikwa na degedege, akapelekwa mzee ambaye mkojo ulimfunga. Walikaa bawani, wakapimwa mizani, wakaenda. Bi Mwanarusi aliwahi kutaka kupelekwa Ukunda kwenye harusi ya mjukuu. Alivaa buibui jipya, akajipulizia udi, akaketi. Mota ililia mpaka ikatoa harufu, na Kipungu hakusogea hata shubiri.

"Haya," akasema, akiteremka. "Kumbe mzima. Alhamdulillahi."

Wakajua hivyo, kwamba ndege haichukui wazima, na jambo likawa la kawaida kama kujaa na kupwa kwa maji.

Kwa Nereah halikuwa la kawaida. Si kwa ajabu yake, ajabu hakuiona. Zamani alikuwa akiirusha ndege kwa ajili ya kuirusha tu. Aliipindua tumbo juu, akaizungusha angani mviringo, akaishusha karibu na majani mpaka yakainama, akacheka peke yake uwanjani kama kichaa. Ikivunjika aliitengeneza bila haraka, na kuitengeneza huko kulikuwa nusu ya utamu. Sasa hakuthubutu. Akiivunja leo kwa mchezo, na kesho akija mgonjwa je? Akawa anaikagua alfajiri na jioni kwa woga, kila skrubu, kila uzi wa mkia, kila bawaba.

"Sista, unabeba watu na hiyo kitu?" Seth alimuuliza kwa simu. "Hiyo mota ni ya kucheza, haiwezi hiyo kazi. Itaungua."

"Imeshaungua. Nitafutie nyingine."

"Na hao wenye barabara wanasema aje?"

"Hawasemi."

Walisema baadaye. Habari ilifika Mamlaka, na Mkurugenzi mwenyewe akaamua kuja kukagua. Alikuja kwa boti ya mashine kutoka Shimoni, kwa kuwa barabara ilikuwa haipitiki. Alishuka na Gillian, mpiga picha, turubai na viti vya plastiki. Wanakijiji walimpokea kwa dafu na matari, na Shutu, mfugaji aliyehamia pale kutoka nyika ya bara na mkewe Kanze, akatoa beberu wake mmoja awe zawadi ya mgeni. Kanze alikuwa mja mzito, mimba imekaribia. Aliketi mstari wa nyuma, mkono kiunoni.

Mkurugenzi alihutubu. Alisema Kidzumbani imewatangulia wengine wote. Alisema Mamlaka, baada ya kutafakari kwa kina, imeona si busara kuweka barabara na ndege mahali pamoja, wakati kuna vijiji havina hata kimoja. Kwa hiyo mawe yaliyotengwa kwa ajili ya kalavati yatapelekwa kwingine. Watu walipiga makofi, kwa sababu mpiga picha alikuwa amewaonyesha kwa mkono.

Kisha akataka apigwe picha ameketi kwenye bawa.

"Samahani, mheshimiwa," Nereah akasema. "Wazima haiwachukui."

"Mimi nina presha, Sista. Itanichukua."

"Ukipigwa picha umesimama kando yake, itapendeza."

"Ndiyo, mkuu," Gillian alisema, "ila ukikaa itatoka poa zaidi. Inaonyesha confidence."

Akakaa. Hakukaa alipokaa Jumwa, kwenye maungio. Alikaa nchani, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Mti wa ndani wa bawa ulikatika kwa mlio wa muwa unaovunjwa gotini. Mkurugenzi akajikuta chini nyasini. Walimwinua, wakampangusa suruali.

"Mlikagua lini ndege hii?" akauliza.

"Asubuhi," Nereah akajibu.

"Basi hamkukagua vizuri."

Kanze alipiga ukelele wakati huohuo. Bi Mwanarusi alifika kwake wa kwanza, akaona damu kwenye kiti cha plastiki, akamwita Nereah kwa macho. Damu ilikuwa nyingi, na ilikuwa inakuja kabla ya mtoto.

Nereah alitazama bawa. Kazi ile angeiweza. Angelitia gango, akalifunga, akalivika ngozi. Lakini gundi haina haraka ya mtu. Hata ukiililia, inakauka kwa wakati wake. Akakimbilia ufukoni, ambako viti vilikuwa vinapakiwa. Maji yalikuwa yamejaa, mashua za kijiji zote zilikuwa baharini, boti ya Mamlaka ilikuwa ya pekee.

"Mheshimiwa, nipe boti. Mama huyu atakwisha."

Mkurugenzi alikuwa ameshaketi. "Sista, nakuelewa. Lakini hiki ni chombo cha ukaguzi, hakina bima ya mgonjwa. Likitokea la kutokea, nani atajibu?"

"Mimi nitajibu."

"Tena kimejaa, kama unavyoona."

Nereah aliona. Kilikuwa kimejaa turubai na viti, na kati ya viti alisimama yule beberu wa Shutu, kamba shingoni, akitafuna jani la mkoko.

"Mteremsheni mbuzi," Nereah akasema. "Mteremsheni mbuzi apande mke wa mwenye mbuzi."

Gillian aliinamisha uso kwenye simu yake. Mashine ikawashwa, na boti ikaondoka kwa heshima, taratibu, ili isiwarushie watu maji.

Walimbeba Kanze kwa kitanda cha kamba, wanaume wakipokezana, Nereah pembeni amenyanyua chupa ya maji ya mshipa juu ya kichwa. Jua lilikuwa kali. Njia ilikuwa mchanga, kisha mawe, kisha tope jeusi la mikoko lililowavuta wabebaji mpaka magotini. Shutu alikuwa mguuni pa kitanda, na kila walipoyumba alisema, "Polepole, jamani," kwa sauti ile aliyotumia kwa mifugo yake.

"Sista," Kanze aliuliza, "ile ndege ina nini?"

"Imevunjika bawa."

"Nani kaivunja?"

"Mgeni."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa, mama."

Kanze akafikiri kidogo. "Basi alikuwa anataka kwenda wapi?"

Nereah akainyanyua chupa juu zaidi.

Pale penye shimo la kalavati ilibidi kitanda kishushwe, kwa kuwa hakikuweza kuvushwa na mtu ndani yake. Mtoto alizaliwa hapo, chini ya bango la buluu, kwenye kivuli chake, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine. Alikuwa wa kike, akalia. Nereah alimkabidhi Shutu, akarudi kwa mama, akasukuma tumbo kwa ngumi, akakanda, akaomba Mungu kwa lugha ya kwao ambayo hakuwa ameitumia siku nyingi. Damu haikusimama. Kanze alikufa macho wazi, akilitazama lile bango, ingawa kusoma hakujua.

Mazishi yalipita. Baada yake Gillian alirudi peke yake, akaitisha mkutano chini ya paa la soko la samaki, akasoma taarifa ya Mamlaka. Mamlaka ilikuwa na masikitiko makubwa. Uchunguzi ulikuwa umefanywa. Chanzo cha kifo kilikuwa kuchelewa kwa matengenezo ya ndege, na muuguzi husika alikuwa anapewa onyo.

Nereah alisimama. Hakuwa msemaji; akaitia mikono kwenye mifuko ya koti jeupe.

"Ile ndege ni mchezo wangu," akasema. "Wengine hucheza bao, wengine hutazama mpira, mimi naunganisha ndege. Hakuna aliyeniajiri kwa ndege. Sikuapa kwa ndege. Barabara ndiyo kazi yenu. Magurudumu ni yenu, na mnayatembelea. Mtu ameketi juu ya kitu changu akakivunja, akapanda boti na mbuzi wa marehemu akaenda zake, halafu mimi ndiye niliyechelewa kutengeneza? Nimechelewa kutengeneza mchezo?"

"Sista, please, tusiifanye personal," Gillian alisema kwa upole. "Tunatafuta suluhu."

"Suluhu ni mawe na saruji."

"Hilo nitalifikisha."

Watu wengine waliangalia chini, wengine waliangalia mizani ya samaki. Si kwamba hawakuafiki. Walikuwa wamewahi kusema hayo yote, kila mmoja kwa zamu yake, na walimwacha naye ayaseme, kama mtu anavyoachwa alie msibani mpaka atosheke.

Nereah akamchukua Kipungu, bawa lake limening'inia, akamsukuma chini ya kitanda chake. Aliapa hataligusa bawa lile. Wakitaka ndege wanunue. Wakitaka kumfukuza wamfukuze. Wagonjwa waliendelea kuja, naye aliwatibu kwa alivyoweza, na walipozidi uwezo wake aliwaambia, "Barabara ile pale." Hawakugombana naye. Hawakumwomba. Waliketi barazani na ndugu zao, wakingoja mashua au wakingoja Mungu. Kutolaumiwa kule kulimkera kuliko onyo la Mamlaka. Alitamani mmoja amtukane, apate wa kumjibu.

Asubuhi moja alimkuta Shutu kwenye benchi na mtoto. Alikuwa amemfunga kifuani kwa leso ya Kanze, na kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka mbiombio, mbavu zikionekana. Nereah alimsikiliza mapafu, akampa sindano aliyokuwa nayo. Oksijeni hakuwa nayo.

"Anataka hospitali, Shutu."

"Najua."

"Maji yametoka."

"Nimeyaona. Sikuja kukuomba ndege, Sista." Alimweka mtoto vizuri. "Nimekuja kukaa tu. Nyumbani tuko wawili, na mimi sijui ya kufanya. Nikasema tukae mahali penye mtu."

Nereah aliingia ndani. Bi Mwanarusi alimsikia akivuta kitu sakafuni chini ya kitanda, akaenda kuwasha makaa bila kuambiwa.

Aliifanya kazi ile barazani, mezani. Alichonga mwanzi, akautia ndani ya bawa uwe gango, akaufunga kwa uzi wa kushonea vidonda, akaupaka gundi. Kisha ikabidi wangoje. Walikaa watatu na mtoto, mbele ya bawa lililobanwa, kama watu wanaochunga chungu kichemke. Nereah alikuwa na hasira kiasi cha kuona vizuri sana. Aliona kila punje ya mchanga kwenye tundu la mota, akaitoa kwa sindano moja moja. Hasira alimwonea Mkurugenzi na mbuzi na bango, lakini pia aliionea mikono yake mwenyewe, kwa sababu ilifurahi. Ilikuwa imekumbuka kazi, ikafurahi, na yeye hakuwa ameiruhusu.

Gundi ilipokauka alilivika bawa, akalipiga pasi. Wakaenda uwanjani. Shutu alimlaza mtoto kwenye maungio, akamfunga leso, akaona hilo halitoshi, akaketi nyuma yake amshike.

Nereah alifungua mdomo amwambie kwamba wazima haiwachukui. Akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya kila bawa, akainua. Ndege ilikaa sawa kabisa, na Shutu juu yake.

Akaufunga mdomo. Hakumuuliza anaumwa wapi.

Kipungu alikimbia, akanyanyuka, akapita juu ya goli na juu ya mikoko. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliinua vichwa wakawatazama, wakarudi kwenye nyavu. Hospitali ilipopiga simu, muuguzi alisema mtoto amewekewa oksijeni na anavuta vizuri. Babake amekaa kitandani pake analia, wamemwacha alie.

"Na barua ya rufaa je?" akauliza.

"Ipo kwenye leso."

"Ahsante. Sasa mnajifunza."

Mtoto alipona, akarudishwa nyumbani. Mamlaka ilipopata habari kwamba ndege inaruka tena, iliandika kwamba onyo lake limeleta matunda. Mafundi walikuja kwa boti wakalifungua lile gari la wagonjwa, wakachukua injini, viti na milango, kwa kuwa sasa halikuwa na kazi. Walimletea Nereah koti la rangi ya chungwa linalong'aa, lenye nembo ya Mamlaka mgongoni. Kalavati halikujengwa. Masika yaliyofuata shimo lilipanuka likala na ukingo wa pili.

Nereah akaendelea. Siku ambazo hakuna mgonjwa, na akiwa na uhakika hakuna mja mzito aliyekaribia, alikwenda mwisho wa uwanja akaipindua ndege mara moja tumbo juu, mara moja tu, huku akitazama nyuma kama mwizi.

Kabla ya mwaka kwisha alifikiwa na ugeni kutoka upande wa Mkongani. Walikuwa watu wazima wachache, vumbi limewafika magotini, na msemaji wao alikuwa mama mmoja mkulima aitwaye Twaiba. Walibisha hodi, wakakaribishwa, wakapewa maji, wakayanywa yote kabla ya kusema shida yao.

"Daraja letu limekatika, dada," Twaiba alisema. "Mwaka huu tumezika akina mama, na mwaka jana tumezika. Tumekwenda Mamlaka. Wakatwambia Kidzumbani walikuwa na taabu hiyohiyo, na wao wakajitafutia mwenye ndege. Tukaambiwa na sisi tutafute mwenye ndege."

Nereah aliiweka chini chupa ya gundi.

"Msitafute ndege," akasema. "Nisikilizeni. Mimi si mfano. Msikubali wawaambie mimi ni mfano. Rudini, mtafuteni Mkurugenzi, mkae mlangoni pake, msiondoke."

Wageni walitazamana. Walikuwa watu wa adabu, na hawakutaka kumvunja mwenyeji wao.

"Mkurugenzi tumemtafuta miaka, dada," Twaiba akasema kwa upole. "Ndege twaona ndiyo rahisi kupatikana."

Nereah akasogeza benchi karibu na meza, akawaonyesha waketi, akaanza kuwafundisha namna ya kuchanganya gundi.